Devi (karatasi ya bei ya kazi) ilikuwa dola 14 200, sasa arshitekte anatupeleka 21 550. Nimulipe ao nimusimamishe?

Mtoto_wa_Virunga:
Jambo yenu bote, bakubwa na badogo. Naomba munisome mpaka mwisho, iko ndefu kidogo juu sijalala vizuri wiki mbili sasa.

Nyumba ya wazazi iko apa Goma, Virunga. Papa aliijenga ya mbao 2003, mwaka moja nyuma ya volkano kupita pale pale, ile lava ya 2002 njo tunaikalia mpaka leo. Kisha pole pole akatosha mbao akaweka bloke, akatuacha bila kumaliza, Mungu amulaze. 2021 mwezi wa tano wakati Nyiragongo ilitapika tena lava iliishia Buhene, haikutufikia, lakini ile mitetemeko ya siku zenye zilifuata ilipasua kuta za vyumba mbili na kona moja ya saloni. Tuliporudi kutoka Sake kwenye tulikimbilia, vidole vilikuwa vinaingia mu nyufa. Tukaziba na sima, tukapaka rangi, maisha ikaendelea.

Mwaka huu mi, yaya yangu (mkubwa wangu) mwenye iko Kampala na dada yetu tulichanga franga ili mama akae fasi nzuri. Kazi ni kutengeneza zile kuta, kubadilisha matole (bati za juu), plafo (dari), na choo ya ndani na foso septike yake (shimo ya maji ya choo). Tukatafuta arshitekte. Kijana wa heshima, plan yake safi, mama alimupenda juu alikunywaka chai yote anayopewa. Devi 14 200, na onoreri yake, yaani malipo yake mwenyewe, asilimia 10 ya kazi. Tukasaini.

Leo tulisha lipa 17 650 na matole ingali chini mu kiwanja imefunikwa na basheni. Juzi analeta karatasi ingine, anaomba 3 900 tena. Nilimuambia aandike kila kintu, akaandika hivi: kuchimba foso mu jiwe, metre kibe 18 kwa dola 70, inafanya 1 260. Poto (nguzo za beto) na sheinaji (mikanda ya beto yenye inafunga kuta) mpya 2 480. Karo (vigae) na madirisha makubwa 1 950. Sima na fer (vyuma) kupanda bei 1 100. Transpor na divers 560.

Na kwa mwisho onoreri asilimia 10 ya 21 550! Yaani vile kazi inapanda na yeye anapanda. Nilirudilia kusoma mara tatu.

Yaya anasema ule ni mwizi, nimufukuze leo leo. Mama anasema mutoto mwenye alikula kwetu hatumupeleki kwa sheria. Munisaidie, mungekuwa mi mungefanya nini?

Chukudu243:
Fukuza. Anakula kwa sima, anakula kwa fer, anakula kwa bafundi, kisha anaomba onoreri ya ile alikula.

MamaFuraha_Himbi:
Chukudu, na wewe! Ukimufukuza sasa, matole iko chini, mvua ya Goma unaijua, nani atapandisha? Arshitekte mwingine akikuta kazi ya mwenzake anaanzaka kusema yote ni mbaya, tubomoe. Mi yalinifika. Nilifukuza wa kwanza na hasira, wa pili akanibomolea ukuta muzima wenye haukuwa na shida yoyote, nililipa mara mbili.

Mutoto wangu, kwanza simamisha malipo lakini usisimamishe maneno. Mwambie mwanangu, sina dola ata moja mpaka tukae tuhesabu. Bafundi bamalizie chenye kilisha lipwa. Na usimuite mwizi mbele ya bafundi, mwanaume akihaibishwa mbele ya bafundi yake hakupi ukweli tena.

Masoni_Ndosho:
Mi ni masoni, miaka 19 mu kazi apa apa. Nitasema juu ya foso tu, zingine bataongea bengine.

Jiwe ya volkano si kama udongo wenye unapima unajua. Unaweza piga juu siku tatu na masi na bara ya mina, jiwe ni chuma, kisha chini unakuta fasi imelegea kama changarawe unachota na peyo. Ao upande mwingine, juu laini, chini chuma. Kwa hiyo supleman ya kuchimba inaweza kuwa ya kweli kabisa, usiseme mwizi haraka. Lakini arshitekte wa Goma mwenye anafanya devi ya foso bila kutoboa ata shimo moja ya kujaribu, na anajua munakaa juu ya lava ya 2002, hiyo ni kosa yake. Ya mutu wa Kinshasa ningeielewa.

Sasa sikia vizuri. Hiyo foso walisha weka beto? Kama bado, chukua kamba ao metre, ingia mwenyewe, pima urefu, upana na kwenda chini. Zidisha. Usimutume fundi, ingia mwenyewe.

Papa_Lushi:
Shiye huku Lushi (Lubumbashi) hatuna volkano lakini tuko na bibi. Nyumba yangu madirisha ilibadilishwa mara tatu, kila mara naambiwa "ni kidogo tu", mwisho nikasema arshitekte ananiibia. Rafiki yangu akaniuliza, madirisha nani aliomba? Nikanyamaza.

Ndugu, ile 1 950 ya karo na madirisha nani aliomba?

Mtoto_wa_Virunga:
Papa Lushi umenikamata. Madirisha ni dada yetu, alisema saloni iko na giza. Karo ni mi mwenyewe, mu devi ilikuwa sima ya kulainisha tu, nikaona karo kwa jirani. Tulimuambia kwa mdomo, akasema hakuna shida. Hakusema bei na mi sikuuliza.

Masoni, foso bado haijawekwa beto. Kesho naingia.

Kivu_Juriste:
Habari zenu. Kaka, kabla ya sheria yoyote nijibu: ile karatasi mulisaini, juu yake imeandikwa nini? "Devi" tu? "Devi estimatife"? Ao iko neno "forfe" fasi fulani? Na mistari ya mwisho inasema nini? Usinitumie picha, juu kuna majina ya bantu, uandike tu.

Mtoto_wa_Virunga:
"Devi estimatife na kantitatife." Neno forfe sikuona. Mustari wa mwisho kabla ya jumla: "Empreviu asilimia 5, 710." Kisha 14 200.

Kivu_Juriste:
Basi iko hivi. Kama ingekuwa forfe, yaani bei moja kwa kazi moja kwenye plan moja, angebeba hasara yake mwenyewe, na kintu chochote cha kuongeza kingehitaji maandishi yenu na bei mulikubaliana. Lakini estimatife ni makadirio, analipwa kwa chenye kimefanyika kweli. Yaya yako anaposema mwizi juu tu bei imepita 14 200, kwa karatasi hii hatashinda.

Lakini makadirio si ruhusa ya kuandika chochote. Sheria yetu ya mikataba, ile dekre ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 yenye tungali tunaitumia, artikle 33 inasema mapatano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa wale waliyafanya. Ile ni sheria yenu nyinyi wawili, na ndani yake muliweka 710 ya mambo yasiyotazamiwa. Ile 710 iko wapi? Transpor na divers 560 njo empreviu yenyewe, mulisha ilipa mu 14 200, anaiomba mara ya pili.

Onoreri, soma tena neno kwa neno. "Ya kazi", kazi gani? Ya devi ao ya mwisho? Kama haijaandikwa, mutazungumza, na usikubali asilimia 10 ya karo yenye mulichagua nyinyi wenyewe mu duka.

Tribinali, wakati huu munajua hali yenyewe mu muji, sitaki kukudanganya. Ata wakati wa kawaida kwa pesa kama hii ningekuambia mukae kwanza mbele ya mutu bote munamuheshimu, na mukitoka pale mwandike, musaini, kila mutu na kopi yake.

Uvira_Kavimvira:
Mimi nauliza swali la sima. Mifuko mingapi ilikuwa kwenye devi? Watu wanapenda kuandika "bei ilipanda" kwa jumla, na sisi tunakubali maana kweli bei inapanda, barabara mbaya, mpaka unafungwa unafunguliwa. Lakini kupanda kuna hesabu.

Mtoto_wa_Virunga:
Mifuko 160.

Uvira_Kavimvira:
Haya. Siku ya devi mfuko ulikuwa bei gani na siku ya kununua bei gani? Tuseme ulipanda dola mbili. 160 mara 2 ni 320. Yeye anaomba 1 100. Basi 780 iliyobaki ni fer peke yake? Atoe faktire.

Chukudu243:
Faktire ya soko ya Birere inaandikwa mbele yako unavyotaka, ukitaka ata ya mwaka jana unapewa 😂

MamaFuraha_Himbi:
Chukudu mara hii iko na haki. Ndiyo sababu mi sasa nanunua sima mwenyewe, natuma na chukudu (ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo), mutoto wangu anahesabu mifuko kwa mulango. Na tangu benki zifungwe 2025 nalipa kwa simu, ile mesaji nazipiga picha naweka. Kama ulimulipa kwa simu tafuta mesaji zote, andika tarehe na kiasi kabla ya kukaa naye. Kama ulimupa mkononi bila karatasi, eh, basi uombe akumbuke.

Masoni_Ndosho:
Na poto? Hakuna mutu aliuliza poto. 2 480 njo pesa mingi kuliko zote.

Zile nyufa za 2021, alizionaka wakati alikuja kupima?

Mtoto_wa_Virunga:
Hapa naomba musinipige. Tulikuwa tulisha ziba na kupaka rangi. Nilimuonyesha kona ya saloni tu. Vyumba mbili sikumuambia, sikuficha na makusudi, nilifikiri tulisha tengeneza. Bafundi walipogonga plasta njo wakakuta poto mbili zimepasuka na fer inaonekana, imekula kutu.

Masoni_Ndosho:
Basi hiyo lipa na umushukuru. Angeweza kufunika na sima na wewe usingejua mpaka siku ingine dunia itikisike na mama amelala ndani. Lakini na yeye, nyumba ya Goma yenye ilikuwepo 2021, unagonga kuta na nyundo kabla ya kuandika bei, unasikiliza sauti. Si masomo ya universite, ata ede masoni wangu anajua. Wote wawili muko na kosa, lakini poto ni poto.

Mtoto_wa_Virunga:
Narudi na majibu, samahani siku tisa zilipita.

Kwanza foso. Niliingia na ngazi na metre, mama juu anapiga kelele nitavunja mguu. Urefu 3, upana 2, kwenda chini 2. Metre kibe 12. Yeye aliandika 18. Nilirudilia kupima juu sikuamini. Kwa kona, kati ya mawe, kulikuwa kipande ya tole imejikunja kama jani kavu, nafikiri ya nyumba ya jirani yenye lava ilifunika. Nimeiweka kando, sijui juu ya nini.

Kisha tukakaa Siku ya Posho (Jumamosi) kwa mzee wa kanisa yetu, mama alikubali juu si polisi si avoka. Sikusema mwizi. Niliweka metre juu ya meza na karatasi yake, nikamuuliza kibe 18 inatoka wapi. Alinyamaza, kisha akasema aliandika ya plan, metre 3 kwenda chini, bafundi waliishia 2 juu jiwe ilikataa, na hakurudi kupima. Pengine ni kweli. Pengine ni kweli nusu. Mzee alisema basi tunahesabu shimo yenye iko, si yenye iko mu plan. Kibe 6 zikatoka, ni 420 chini.

Sima na fer: alikuwa na faktire za kweli za 410, zingine hakuwa nazo, 690 ikatoka. Divers 560, nilimuonyesha mustari wa empreviu, akacheka kidogo akasema "nimesahau". Ikatoka, na 150 yenye ilibaki mu 710 ikatoka pia. Karo na madirisha 1 950 tumebeba yote. Poto tumebeba yote.

Kwa hiyo si 3 900 tena, ni 2 080. Tutalipa kwa mara tatu: matole ikiwa juu, plafo ikiisha, na ya mwisho wakati maji inaingia mu foso na haitoki fasi ingine. Tumeandika, tumesaini, mzee amesaini. Na kintu chochote kipya, bila bei kwa karatasi hakifanyiki, ata dada akilia.

Ingali onoreri. Anataka asilimia 10 ya 14 200 na ya poto, yaani 1 668. Tulisha mupa 1 420. Mi naona 248 ni haki juu poto alizisimamia mwenyewe, nilimuona pale saa ya jua kali. Yaya anasema hatatoa ata mia, mutu wa kuandika 18 fasi ya 12 asipewe zawadi.

Kivu_Juriste:
Ungesema "zawadi" kama haikuwa kazi. Lakini 248 ukiilipa, ilipe ya mwisho kabisa, nyuma ya foso.

Papa_Lushi:
Na yaya wa Kampala akuje kupima foso na yeye.

Mtoto_wa_Virunga:
😂 Nimemutumia hii yote asome. Matole tatu za kwanza zimepanda leo asubui, mama ameweka kiti inje anahesabu misumari.