Uso umebabuka baada ya seramu ya makunyanzi, niendelee ama niache?

MamaWawili_Donholm
Habarini wapendwa, naomba msaada na msinicheke sana. Niko na miaka 44, makunyanzi yameanza kando ya macho, sasa dadangu mdogo akaniambia siku hizi kuna seramu watu wanapaka uso unarudi kuwa wa msichana wa kwaya. Nikashuka tao pale Dubois nikanunua chupa mbili, moja ni ile nyekundu kama damu imeandikwa asidi asilimia 30, ingine ni retinoli, ile ya vitamini A. Msichana wa duka akaniambia mama ikichoma usiogope, ndio inafanya kazi. Basi Ijumaa nikapaka ile nyekundu, ikachoma, nikavumilia, nikalala nayo. Jumamosi usiku nikapaka retinoli. Jumapili kanisani aki nilikuwa nang'aa, hadi mke wa pasta akauliza natumia nini.
Jumatatu ndio niliona cha mtema kuni. Mashavu yamekazika kama ngozi ya ngoma, sai yanaambuka vipande vipande navipata kwa mto asubuhi, hata maji ya bomba yanachoma, na nikifunua sufuria ya githeri ule mvuke ukinipiga natoka jikoni mbio. Kando ya pua kumeanza kuwa kweusi, nikapaka ndimu na asali ya kutoa weusi, ikazidi. Swali langu ni moja, niendelee mpaka ngozi izoee ama niache? Nimetumia 3,200 zangu jamani.

Kijana_wa_Umoja
Asidi halafu ndimu juu yake? Mathe kwani ulikuwa unatayarisha mshikaki 😂😂 Pole lakini, kweli pole.

SaluniTuMiakaTisa
Dada acha vyote leo, sio kesho. Mimi sio daktari ila nimefanya kazi ya kusafisha watu uso miaka tisa na hii kitu naiona karibu kila mwezi. Kwanza ile nyekundu, soma chupa vizuri, asidi ya asilimia 30 ni ya kukaa dakika kumi unaosha, wewe umelala nayo masaa nane. Kazi yake ni kulegeza ile gundi inashikilia ngozi iliyokufa hapo juu, sasa ikikaa sana inamaliza iliyokufa inaingia kwa iliyo hai, halafu kesho yake ukaongeza retinoli ambayo hata peke yake ikianza mara nyingi hukausha ngozi kidogo. Ule mng'ao wa Jumapili ilikuwa ngozi imevuliwa koti.
Kuwashwa kidogo dakika moja mbili ni kawaida, lakini kuchoma hadi unashika kitanda sio kufanya kazi, ni kuungua, na huyo wa duka alikudanganya. Sai osha uso na maji vuguvugu na sabuni isiyo na manukato mara moja kwa siku basi, upake Vaseline ile ya kawaida kama bado kuna unyevu. Usibandue hizo vipande na kucha hata zikikukera. Ndimu rudisha kwa chai. Na jua! Najua utasema ni Julai kuna mawingu na baridi, lakini Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na ikweta ni hapo tu, miale inapita mawingu, na ngozi yetu nyeusi ikiungua hivi halafu ipigwe na jua inaacha madoa ya kukaa miezi. Vaa kofia pana, na ngozi ikishatulia kiasi tafuta mafuta ya kukinga jua ya zinki, SPF 30 kwenda juu, hayo huchoma kidogo kuliko mengine.

Shiru_Ruai
Mimi nilipata hivo mwaka jana nikaenda kemisti nikapewa katyubu kadogo ka 150, siku mbili uso ulikuwa poa kabisa. Jaribu hiyo usiteseke.

SaluniTuMiakaTisa
@Shiru_Ruai hako katyubu pengine kalikuwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza muwasho na uvimbe, ndio maana kalituliza haraka hivo. Daktari anaweza kukupa kidogo ya siku chache na hakuna shida, lakini ukijinunulia ukapaka uso kila ukiwashwa, ngozi inakuwa nyembamba, inatoa chunusi, na siku ukiacha inarudi na hasira. Nimeona wasichana wameharibika hapo. Pia wale wa kukuuzia krimu ya kuchanganywa kwa kikopo hakina jina kimbia, zebaki na haidrokwinoni, zile za kuchubua rangi ya ngozi, zilipigwa marufuku Kenya kwa vipodozi na bado ziko huko ndani.

AntiNduku
Nakubaliana na huyo wa saluni. Mwanangu niko na 58 na natumia retinoli mwaka wa tatu, haina ubaya ukiwa na subira. Nilianza usiku mbili kwa wiki, tone la ukubwa wa punje ya pojo uso mzima, na kabla ya hapo niliijaribu kwa mkono huku ndani karibu na kiwiko siku kumi mzima, mzee wangu akawa ananiuliza kwani unapaka mkono tu makunyanzi yako huko? Nikamwacha acheke. Na kama kuna mimba au unapanga, retinoli weka kando kabisa. Lakini ukiona macho au midomo inafura, ama malengelenge yenye maji, hiyo inaweza kuwa alaji na ni ya daktari wa ngozi, na pumzi ikianza kubana usingoje asubuhi, enda emajensi.

MamaWawili_Donholm
Asanteni nyote, hata wewe wa mshikaki. Hakuna kufura wala malengelenge, ni kuchoma na kuambuka tu. Nimetoa kila kitu kwa kabati nikabaki na Vaseline, nimekopa kofia ya shambani ya mamangu, watu wa matatu wanadhani naenda kuchuma chai. Nitarudi kuwaambia.

MamaWawili_Donholm
Siku ya 13 leo. Maji hayachomi tena tangu juzi, kuambuka kumeisha, imebaki ule weusi kando ya pua na mstari mmoja kwa shavu, ndio huo nasikia utakaa. Githeri napika nikiwa nimesimama karibu kama zamani. Makunyanzi yako palepale, yote, nimeyahesabu. Retinoli nimeificha hadi mwezi wa tisa, nitaanza na mkono kama Anti. Ile nyekundu dadangu amekuja kuichukua na sikutaka kugombana naye, nimechukua maka pen nikaandika 10 kubwa mbele ya chupa na 10 nyingine nyuma.