Tupeane uzoefu: unaikaguaje theluji ya mlimani kabla ya kupeleka 4x4?

Wakuu, habari zenu. Msimu wa baridi ndio huu na najua wengi mnapanga kupanda. Naomba tupeane uzoefu: unajuaje theluji ikoje huko juu kabla hujawasha gari?

Naanza mimi. Nategemea vituo vinavyopima theluji vyenyewe mlimani bila mtu, kama ule mtandao wa SNOTEL wa Marekani magharibi. Wengi husoma kina cha theluji wakaishia hapo. Mimi naangalia pia kiasi cha maji kilichomo, kwa sababu sentimita 60 za theluji kavu na sentimita 60 zilizolowa ni vitu viwili tofauti kabisa chini ya tairi. Kina kikipungua na maji yakabaki yaleyale, theluji haijayeyuka, imejishindilia tu. Kingine, kituo kikiwa mita 500 chini ya njia yako, huko juu kuna baridi zaidi kwa nyuzi 3 hivi. Mvua ya kituoni huenda kwako ni theluji.

Msaka Vilele: Picha za setilaiti, mkuu. Za Sentinel-2 ni za bure, zinapigwa kila baada ya siku chache, na nukta moja ya picha ni mita 10 ardhini. Msimu uliopita niliona njia karibu yote imekauka, ila kona moja inayotazama kaskazini ilikuwa nyeupe pe. Jua la huku kaskazini mwa ikweta haliifikii. Tukabadilisha njia, wenzetu waliopita pale walishinda wakichimba. Tatizo ni mawingu, na miti minene huficha theluji iliyo chini yake.

Beleshi: Upepo jamani, msiusahau! Unakwangua theluji upande mmoja wa ukingo na kuirundika upande wa pili. Nimekuta mawe matupu, na hatua chache mbele rundo linafika kwenye boneti. Kituo hakiwezi kukuambia hilo. Sehemu nisiyoona mwisho wake nashuka, natembea na fimbo nikichoma.

Mama Safari: Mimi swali langu ni moja: usiku kuligandisha? Kama mchana palikuwa na joto kidogo na usiku ukashuka chini ya sifuri, asubuhi unakuta ukoko mgumu unaobeba gari. Mchana ukoko huohuo unalainika na gari linazama hadi difu. Sisi tulipanda alfajiri na kushuka kabla ya saa sita. Tuliopishana nao wakipanda, tulirudi kuwavuta jioni.

Mteremko: Mbona hakuna aliyetaja maporomoko ya theluji? Taarifa za hatari zina ngazi 1 hadi 5. Ikisomeka 3 mimi siendi, hata kikundi kikinuna. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo huporomoka zaidi, na njia yako inaweza kuwa tambarare kabisa lakini inapita chini yake. Pimeni kwenye ramani mapema.

Msaka Vilele: Kweli kabisa. Na pale pasipo na kituo wala kamera mnafanyaje?

Mama Safari: Napigia walinzi wa msitu. Nauliza geti liko wazi, na gari la mwisho kupita lilikuwa lini. Wakisema hakuna aliyepita tangu theluji ya mwisho, tunakwenda magari mawili au hatuendi.