Mkufunzi wa ufundi ajifunzie wapi ufundishaji wa mtandaoni na upimaji: diploma, kozi za bure, au tufundishane chuoni?

Cherehani_Tororo
Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha ushonaji katika chuo cha ufundi huku Tororo, Uganda, mwaka wa tisa huu. Mkuu wetu ametutangazia kwamba muhula ujao kila idara iwe na masomo yake kwenye Moodle, ile programu ya kufundishia mtandaoni, na kila kazi ya mwanafunzi iwe na ushahidi uliohifadhiwa. Mimi ninachojua kwenye Moodle ni kupakia PDF, basi.

Njia ninazoziona ni tatu. Kurudi kusomea diploma ya ualimu wa ufundi, Chuo Kikuu cha Kyambogo au chuo cha wakufunzi cha Abilonino. Kuchukua kozi za bure mtandaoni, kama za Moodle Academy au za kituo cha mafunzo cha ILO, Shirika la Kazi la Kimataifa, kilichoko Turin, Italia. Au tukae wenyewe kila Ijumaa baada ya vipindi, anayejua amwelekeze asiyejua. Nina watoto wawili na mshahara wetu mnaujua. Naomba anijibu aliyepita njia hizi mwenyewe.

Nguzo_Arua
Mwalimu, karibu. Mimi nilipita Abilonino, pale Kole. Nilichotoka nacho ni namna ya kuuvunja ujuzi mmoja kuwa hatua, na kumsimamia mwanafunzi bila kumnyang'anya nyundo mkononi. Nilisoma kabla ya korona, kwa hiyo mambo ya mtandao nilikuja kuyatafuta baadaye.

Kama huna cheti chochote cha ualimu, anza na diploma, maana ukifika wakati wa kupandishwa cheo watatazama karatasi. Kama unacho tayari, sioni sababu ya kuwaacha watoto kwa ajili ya Moodle. Na jambo moja zaidi: sheria ya elimu ya ufundi (TVET) ya 2025 imetuletea bodi ya upimaji ya UVTAB mahali pa UBTEB tuliyoizoea. Bodi imebadilika, ila mwanafunzi bado anapimwa kwa anachoweza kukifanya kwa mikono yake. Usijifunze mtandao ukaliacha hilo nyuma.

Voti240
Nimepita njia ya pili, nikiwa Jinja, usiku, kwa simu.

Moodle Academy ilianza 2021 na kozi zake za walimu ni bure. Unasoma kwa mwendo wako na ukimaliza unapata beji. Ziko kwa Kiingereza, lakini ni Kiingereza cha kawaida. Za Turin, baadhi ni za bure za kujisomea na nyingine ni za kulipia zenye mwezeshaji, kwa hiyo soma vizuri kabla hujajisajili. Data utanunua mwenyewe, na mnakumbuka tangu Julai 2021 data ina ushuru wa asilimia 12. Nilikuwa napakua somo zima kwenye programu ya simu ya Moodle nikiwa penye Wi-Fi ya chuo, nikaenda kulisoma nyumbani bila intaneti.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho wanafunzi wangu wananishukuru mpaka leo. Unapoandaa jaribio kwenye Moodle, kuna mahali pa kuruhusu lifanywe nje ya mtandao kwa programu ya simu. Mwanafunzi analipakua chuoni, analifanya kijijini, akirudi kwenye mtandao majibu yanapanda. Inabidi uchague ule mtindo ambao majibu sahihi yanaonekana baada ya kuwasilisha tu. Wengi hawakioni kitufe hicho, wanalalamika mtandao ni mbaya.

Upungufu wake? Kozi itakufundisha vitufe na kupanga somo. Haitakuambia namna ya kumpima kijana anayefunga nyaya kwenye ubao wa umeme. Kwa fani zetu, hapo ndipo penye kazi.

Fundi_Moto
Voti amegusa penyewe. Mimi nafundisha uchomeleaji, Mbale. Mara ya kwanza niliwaambia vijana, "Jirekodini mkichomelea, mnitumie video." Nilipata video ishirini za cheche! Mwanga mweupe, moshi, basi. Sikuweza kumpa mtu yeyote alama kwa haki.

Sasa naomba vitu vinne vifupi. Picha ya vyuma kabla ya kuungana, nione kama kutu imesuguliwa na mwanya umepimwa. Picha ya mashine, nione ampea alizoweka. Kwa fimbo ya kuchomelea ya milimita 3.2 kwenye chuma cha kawaida nategemea kati ya 90 na 130. Picha ya mshono kabla ganda halijagongwa, na nyingine baada ya kugongwa na kupigwa brashi. Halafu sauti ya dakika moja, aniambie kwa nini alichagua ampea hizo. Ile sauti ndiyo inayomfichua mwenye kuiga. Usalama siupimi kwa picha hata siku moja. Huo nausimamia karakanani kwa macho yangu.

Vigezo sikuvitoa kichwani. Nilichukua ATP, yaani kifurushi cha upimaji na mafunzo, kilichotolewa na DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya viwandani, kwa fani yangu; ndani yake mna wasifu wa kazi, moduli za mafunzo na vyombo vya kupimia, nikachagua kazi moja tu. Dada, kabla ya Moodle, fungua ATP ya ushonaji.

Mpakani_Malaba
Salamu kutoka upande wa Kenya. Sisi kila mwanafunzi ana kabrasha lake la ushahidi, na tumejifunza kwa taabu: amueni majina ya faili mapema. Jina, kazi, tarehe. Nimewahi kukaa usiku kucha na picha mia nne zilizoitwa IMG, sijui ipi ya nani.

Mzee_Patasi
Wanangu, nitetee njia ya tatu, lakini kwa sharti.

Chuo nilichokuwapo zamani kililetewa tableti na mradi mmoja. Walifundishwa walimu wawili tu. Wote wawili walihamishwa, na mwaka uliofuata tableti zilikuwa kabatini, chaji imekufa. Ndiyo maana naamini katika kufundishana. Lakini vikao vya Ijumaa navyo hufa wiki ya tatu kama ni vya kuzungumza tu. Kila mtu aje na kazi halisi ya mwanafunzi.

Tulijaribu hivi. Useremala, kiti kimoja. Mimi na mwenzangu tukakipima kila mtu peke yake bila kuonyeshana. Mimi nikaandika "ameweza", yeye akaandika "bado". Tukabishana mpaka tukagundua kosa ni letu: kigezo kilisema "viungo viwe imara". Imara kwa nani? Tukakiandika upya: mwanya kwenye kiungo usizidi milimita 1, na kiti kisiyumbe kikiwekwa sakafuni. Tulipopima kiti kingine tulikubaliana. Nimekuwa mwalimu zaidi ya miaka ishirini na saa ile moja ilinifundisha upimaji kuliko semina nyingi nilizokalia. Niliumia pia nikiwaza vijana niliowaandikia "bado" kwa sababu ya neno lisilopimika.

Cherehani_Tororo
Mzee, shikamoo. Hilo la "imara" limenichoma, maana kwenye karatasi yangu nimeandika "zipu ishonwe vizuri". Je, chuo kisipokuwa na intaneti ya uhakika? Yetu hukatika hata siku mbili.

Voti240
Weka Moodle kwenye kompyuta moja ya chuo na uiunganishe na ruta. Wanafunzi wanaingia kwa Wi-Fi ya hapo hapo, bila bando. Kwa vitabu na video, jaribu programu ya Kolibri. Ni ya bure, imetengenezwa kwa mahali pasipo na intaneti, na inakubali hata Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo sana. Tafuta betri ya kuishikilia umeme unapopotea.

Mzee_Patasi
Marahaba, mwanangu. Na nywila ya hiyo kompyuta wajue watu watatu.

Cherehani_Tororo
Cheti cha ualimu ninacho, kwa hiyo diploma nimeiweka kando kwa sasa. Usiku nitasoma Moodle Academy. Ijumaa hii naanza na zipu ya sketi, vigezo vyenye milimita, mimi na mwenzangu wa idara tupime sketi sita kila mtu peke yake. Fundi_Moto, nikikutumia picha bila majina ya wanafunzi, utanipimia na wewe kwa vigezo hivyo hivyo? Nataka nione kama vinaeleweka hata kwa asiye mshonaji.

Fundi_Moto
Tuma, dada. Ila piga na upande wa ndani wa sketi.