Ushauri: Mama anakuja Portland kiangazi, nimpeleke lini soko la wakulima na tununue nini?

MwanaHandeni
Salaam wanajamvi. Mama yangu anafika hapa Portland, Maine, wiki ya mwisho ya Juni, na atakaa nami hadi mwisho wa Agosti. Maisha yake yote amelima na kuuza mwenyewe sokoni Handeni, na hajawahi kutoka nje ya nchi. Kinachoninyima usingizi ni chakula. Nikimwonyesha kwa video mboga ninazonunua supamaketi ananiuliza, "Nani kalima hizo?" Nakosa jibu.

Nasikia mjini kuna soko la wakulima wenyewe. Nina miaka miwili hapa, ila kazi yangu ni ya usiku na sijawahi kufika. Niende siku gani? Mboga zetu zipo? Bei wanapatana? Naomba ushauri wa aliyekwenda mwenyewe.

KakaWaCongressStreet
Dada, siku ni mbili. Jumatano wanapanga meza Monument Square, katikati kabisa ya mji. Jumamosi wanakuwa kwenye bustani ya Deering Oaks. Kwa mama yetu chagua Jumamosi, maana kuna kivuli cha miti mikubwa na mahali pa kupumzika. Fikeni asubuhi, mkichelewa mtakuta vitu vizuri vimeshaondoka.

Mwambie pia kwamba soko hilo lilianza mwaka 1768, kabla Marekani haijajitangazia uhuru. Mtu aliyeuza sokoni maisha yake yote ataliheshimu soko hilo.

Bei zimeandikwa, hawapatani.

MamaWawili
Nyongeza kwa aliyosema kaka: usimwahidi nyanya na mahindi siku ya kwanza. Huku baridi huondoka shambani mwezi wa tano, na nyanya za shambani huanza kuonekana sawasawa kuelekea mwisho wa Julai. Ukiziona Juni, ujue zimelelewa kwenye banda la plastiki.

Akifika atakuta stroberi, na ni za muda mfupi sana. Ni ndogo, nyekundu hadi ndani, ukizilaza siku mbili zinaharibika. Nunua za kula siku hiyohiyo. Zikiisha, Agosti zinaingia bluberi za mwituni. Hizo ndizo fahari ya Maine: vijitunda vidogo kuliko zile za dukani, na utamu wake una uchachu kidogo. Mimi huzigandisha kwenye friza, watoto wanakula na uji mpaka Desemba.

MamaBukavu
Mpendwa, nije kwenye mboga, maana ndiko roho ya mama iliko.

Ile mnayoita spinachi huko Tanzania, yenye jani pana na mti mnene, hapa wanaiandika "chard". Ukiomba spinachi utapewa vijani laini vinavyoyeyuka sufuriani, mama atasema umempikia maji. Sukuma wiki utaikuta kwa jina la "collards".

Mchicha, sisi Wakongo tunauita lengalenga, wakulima wengi wazungu wanaung'oa kama gugu! Unajiotea wenyewe kati ya mistari ya mboga. Lakini wakulima waliotoka Afrika wanaupanda kwa makusudi, watafute. Kuna wanaolima viazi vitamu pia na matembele wanayaacha shambani. Wewe ongea na mkulima wiki moja kabla, umwambie unataka majani. Vivyo hivyo majani ya maboga. Mimi niliomba mara moja tu, Jumamosi iliyofuata nikaletewa mfuko mzima.

Sombe, yaani kisamvu, usiitafute pale. Muhogo hauwezi kukomaa kwenye kiangazi kifupi namna hii. Nenda duka la Kiafrika ununue iliyogandishwa.

Juma_Riverside
Kuhusu bei sikubaliani sana na kaka. Kukata bei ya fungu moja ni kweli si desturi yao. Ila soko likikaribia kufungwa, ukiuliza kwa adabu nyanya zilizopasuka kidogo za kupikia, wengi watakuuzia kreti nzima kwa bei nafuu.

Halafu kama nyumbani mnatumia kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, kabla ya kununua chochote ulizia mpango wa Maine Harvest Bucks. Unapata nyongeza ya matunda na mboga juu ya hela yako. Watu wetu wengi wanapitwa kwa kutojua tu.

Shangazi_Lewiston
Mwanangu, umesema Handeni. Mama anaongea Kizigula?

Kama ndiyo, siku moja mlete huku Lewiston, si mbali. Wapo Wasomali Wabantu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pande hizo za Tanga karne ya 19, wakapelekwa Somalia, wakaishia kulima kando ya mto Juba. Baadhi yao mpaka leo wanazungumza Kizigula nyumbani. Wana shamba lao la pamoja, Liberation Farms, wanalima mahindi magumu ya unga pamoja na mboga. Mama asiondoke Marekani bila kuwaona.

MwanaHandeni
Shangazi, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Ndiyo, ndiyo lugha yake ya kwanza. Asanteni wote, nitaleta mrejesho.

MwanaHandeni (Agosti)
Mrejesho. Jumamosi ya kwanza Deering Oaks mama alizunguka meza zote kabla ya kuruhusu ninunue kitu. Alivunja ganda la njegere, akaonja, akatikisa kichwa kukubali. Chard alipika na karanga. Mahindi yao matamu tulichoma; amesema ni mazuri kwa mtoto mgonjwa ila hayana meno. Bluberi anakula kwa kiganja akiwa kwenye ngazi, jirani zetu wote wanamjua sasa.

Lewiston tulikwenda Jumapili iliyopita. Kuna mama mmoja alikuwa anafunga mchicha mafungu. Mama yangu akamsalimia kwa Kizigula, kwa sauti ya chini, kama anayejaribu mlango. Yule mama akaweka kisu chini, akamjibu. Maneno mengine hayakufanana, wakawa wanayarudia mpaka wanaelewana. Walikaa hapo saa nzima wakifunga mchicha pamoja, na wateja mama yangu ndiye aliyekuwa anawapokelea hela.

Jumapili hii tunarudi. Ameshaomba nimtafutie kitenge cha kumpelekea.