M27 au Helix: filta mjini au gari mpaka Makunduchi?

mwana_michenzani
Asalaam aleykum wadau. Nna kamera ya kawaida tu, lenzi ya milimita 200 na treka ndogo, kile kimota cha kuzungusha kamera ifuate nyota. Mwezi wa tisa nataka kupiga nebula ya sayari, zile gesi za nyota inayokufa, na hela inatosha kitu kimoja, ama filta ya bendi mbili nipigie hapahapa juu ya dari ama mafuta ya kwenda Makunduchi, shamba kwenye kiza. Na nianze na ipi, M57, M27 au Helix? Huku taa za barabarani usiku mzima ni kama mchana.

fundi_lenzi
Waaleykum salaam. Filta. Ingekuwa galaksi ningekwambia nenda shamba, mwanga wake una kila rangi filta itaukata na wenyewe, lakini nebula hizi mwanga wao mwingi unatoka kwenye mistari michache ya rangi, oksijeni nanomita 500.7 na haidrojeni 656.3, filta inapitisha hiyo mengine inazuia. Kamera ya kawaida haidrojeni inaipunguza sana ila oksijeni inaingia piksel za kijani na za buluu zote, huli hasara. M57 iwache, kwa lenzi hiyo itatoka piksel kama 20, utadhani nyota ilovimba.

bi_chwaka
Kwa M27 sawa, kwa Helix mie sikubali. Helix inakaribia upana wa mwezi lakini mwanga wake umetandazwa mpaka umekuwa dhaifu. Na taa hizi nyeupe si kama zile za chungwa za zamani, zina kila rangi, ya oksijeni imo, filta haiwezi kuitoa yote. Mwanangu kwa Helix nenda Makunduchi, kiza hakina mbadala.

ami_wa_wete
Hehe mie huku Wete kiza kipo, natoka uani tu. Lakini mbona hamsemi treka ataielekezaje? Ncha ya kusini ya anga, pale treka inapolengwa, hapo kwenu iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, hapo mjini yote majumba. Na kusi likivuma huko juu ya dari tripodi inatetemeka, nyota zinatoka mayai.

mwana_michenzani
Ncha siioni kweli ami, ntapiga picha programu itambue nyota zilizopo halafu inambie nisogeze wapi. Upepo ntaning'iniza mfuko wa mchanga chini ya tripodi. Sasa bi Chwaka, nikinunua filta Helix niisahau?

bi_chwaka
Usiisahau, ila usiku mmoja hautoshi, kusanya saa nyingi nyingi na mwezi usiwepo.

fundi_lenzi
Katikati ya mwezi wa tisa M27 inafika juu kabisa kama saa mbili na nusu usiku, upande wa kaskazini, ipige kwanza ile inang'ara. Helix inapita karibu na utosini saa tano, ndo unageuza. Bila filta hapo mjini sekunde 30 tu picha ishakuwa nyeupe, na filta jaribu dakika mbili uangalie histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera. Lenzi ifunge kitambaa chenye joto, umande wa bahari unaingia mapema.

mwana_michenzani
Naagiza filta bas. Ami, chumba cha wageni kipo Wete?

ami_wa_wete
Kipo, njoo na treka yako tu.