Re: Re: Nimebuni kifaa cha wagonjwa, hataza naipataje?

Kutoka: Mdogo wenu, Minneapolis

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mimi mbeba boksi mwenzenu, nahudumia wazee zamu ya usiku. Miaka 3 sasa nagombana na mpira wa mkojo: ukimgeuza mzee, mpira unanasa kwenye chuma cha kitanda, anapiga kelele, shuka linaloa, unaanza upya. Mwezi uliopita nimeshona kidude kwa mkanda wa begi kuukuu na plastiki ya dumu la maziwa, na shida imekwisha. Kinavyofanya kazi ni hivi:

(Aya 2 na picha 3 zimeondolewa. Msimamizi)

Kuna aliyewahi kusajili hataza huku, yaani haki ya kulinda ulichobuni wengine wasikiige? Kampuni moja ya kwenye tangazo inataka dola 900 za kuanzia, itanifanyia kila kitu. Kaka yangu wa Mwanza naye anasema niachie yeye, wiki hii hii ataipeleka BRELA, ofisi ya usajili kule nyumbani Tanzania.

---

Kutoka: Msimamizi

Marahaba mdogo wangu. Usininunie kwa kukukata. Barua yako ilikwama kwangu kwa uzito wa picha, na nashukuru zilikuwa nzito. Kumbukumbu za orodha hii ya barua pepe anazisoma yeyote mwenye intaneti. Ingepita, ungekuwa umeutangaza uvumbuzi wako kabla ya kupeleka ombi. Marekani wanakupa mwaka 1 tangu ulipoutoa hadharani mwenyewe. Ulaya hawana subira hiyo: kikishajulikana, si kipya tena.

Sisi wa kompyuta tuna kisa chetu. RSA, njia ya kufunga siri iliyobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman pale chuo cha MIT, Marekani, ilielezwa kwenye jarida la Scientific American Agosti 1977. Ombi la hataza likapelekwa Desemba. Marekani hataza ilitoka mwaka 1983, ikadumu hadi Septemba 2000. Nje ya Marekani hawakuambulia kitu, mlango walikuwa wameshaufunga wenyewe. Phil Zimmermann alipotoa programu yake ya PGP, iliyotumia RSA, mwaka 1991 ili watu wa kawaida wafunge barua pepe zao, hataza hiyo ilimsumbua kwao Marekani, lakini Ulaya watu waliitumia RSA bila leseni ya mtu. Miezi michache tu hiyo, Agosti hadi Desemba, ndiyo iliyowaponza.

Kwa hiyo wewe anza na ombi la awali kwa USPTO, ofisi ya hataza ya Marekani, wenyewe huliita "provisional". Mwaka 2025 ada yake kwa mwenye kipato cha kawaida ilikuwa dola 65. Halikaguliwi wala halichapishwi, linakushikia tarehe yako kwa miezi 12. Ila eleza kila kitu humo, mpaka mshono. Usichokiandika hakikushikiwi tarehe.

Na kaka wa Mwanza atulie kwanza. Kilichobuniwa kwenye ardhi ya Marekani hakipelekwi kusajiliwa nje bila kibali chao, mpaka miezi 6 ipite tangu upeleke ombi hapo, hata kama wewe ni raia wa kwetu. Ukishatimiza hilo, ndani ya ile miezi 12 unaweza kwenda BRELA, au ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika kule Harare, ukahesabiwa tarehe ya ombi la kwanza. Hataza ya Marekani pekee haimzuii mtu wa Kariakoo kukitengeneza na kukiuza.

---

Kutoka: Toronto

Mdogo wangu pambana, hataza ni hela! BlackBerry walilipa dola milioni 612.5 mwaka 2006 kwa ajili ya hataza za barua pepe isiyo na waya. Ingawa hapa kwetu Banting na wenzake, waliogundua insulini, waliiuza hataza yake kwa chuo kikuu, dola 1 kila mmoja, 1923. Chagua upande wako.

---

Kutoka: Shangazi, Leicester

Toronto usimtie mtoto wazimu.

Mwanangu, hizo dola 900 usizitoe. Mimi niliingizwa mjini na watu wa namna hiyo, paundi 2,000 taslimu. Nikaletewa jalada lenye maandishi ya dhahabu, ndani "utafiti wa soko" kurasa 40, jina langu limechomekwa kwa wino tofauti kidogo na maneno mengine. Nilipofundishwa kutafuta mwenyewe kwenye Espacenet, tovuti ya kutafutia hataza, bure kabisa, saa 1 haikuisha nikakuta kitu changu kimechorwa na Mjerumani tangu 1994. Walikuwa hawajatafuta kabisa.

Huko kwenu sheria ya 1999 inawalazimu wakuambie kabla ya mkataba wateja wangapi wamepata faida kupitia kwao. Waulize kwa maandishi, uone simu itakavyokatika. USPTO wana mpango wa mawakili wa kujitolea kwa wenye kipato kidogo, uulizie. Walio Uingereza waende Business & IP Centre ya British Library.

Soma pia mkataba wako wa kazi. Minnesota mwajiri hawezi kudai ulichobuni kwa muda na vifaa vyako, lakini kama kinahusu biashara yake moja kwa moja, ulinzi huo unakutoka. Wewe unahudumia wazee na kidude ni cha wazee. Hilo ndilo la kumwuliza wakili kwanza, hata kabla ya ada.

Jingine: ombi kamili huchapishwa miezi 18 tangu tarehe ya kwanza, jina lako na mji wako humo. Barua zitaanza kuja, zina nembo nzuri, "lipa ada ya usajili". Matapeli wamekusoma. Tupa.

---

Kutoka: Mdogo wenu, Minneapolis

Ahsanteni sana, shangazi nimekusikia. Mkanda nilinunua kwa hela yangu, ila nilishonea kwenye chumba cha mapumziko cha kazini.

Swali dogo. Status ya WhatsApp nayo inahesabika? Niliiweka Jumapili, video nzima. Wameitazama watu 61.

---

Kutoka: Msimamizi

Andika tarehe hiyo daftarini. Kisha nipigie, usiandike tena hapa.