Natafuta wenye usonji kama wangu, maneno yananiishia mdomoni

kalamu_na_kimya

Habari zenu. Hii posti nimeiandika nikaifuta mara tatu tangu jana, leo naituma hivyohivyo ilivyo, mnivumilie kama ni ndefu.

Mimi ni dada wa miaka 34, nina usonji, nilikuja kuambiwa na daktari nikiwa na 31. Naongea. Nimesoma, nafanya kazi, ukinikuta asubuhi nimelala vizuri unaweza usijue kitu kabisa. Sasa kuna saa maneno yananiishia. Sio kwamba sitaki kuongea, sio aibu, na wala sio kwamba sina la kusema, la kusema lipo kichwani limejipanga sentensi nzima naiona, ila njia ya kutoka kichwani kuja mdomoni inakuwa imefungwa. Inaweza kuwa dakika kumi, inaweza kwenda mpaka kesho yake. Iko hivyo tangu utotoni, nyumbani walikuwa wanasema nimenuna.

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao kazini, feni inalia, taa moja inakatakata, watu wawili wanaongea kwa pamoja, halafu bosi akanigeukia akaniuliza kitu ambacho jibu lake ninalo mimi peke yangu maana ile kazi niliifanya mimi. Nikafungua mdomo, hamna kitu. Nakumbuka nilikuwa nakitazama kifuniko cha kalamu yangu, kimeng'atwa upande mmoja, nikawa nahesabu alama za meno huku chumba kizima kinanisubiri. Zilikuwa saba. Mwisho nikaandika kwenye daftari "jibu ninalo, nipeni dakika tano" nikamsogezea aliyekaa jirani. Akasoma, akacheka, alidhani natania. Bosi akahamia kwa mwingine. Nilienda chooni nikakaa humo mpaka nikasikia viti vinavutwa.

Basi nikasema nitafute wenzangu. Nimeingia magrupu mawili. La kwanza ni la wazazi wa watoto wadogo, watu wazuri sana, ila mimi pale sina nafasi, mimi si mzazi na wala si mtoto. La pili ni watu wazima wenye usonji ila wengi wao wanaongea bila kukauka, wanatumiana voisi za dakika saba, na wao kelele zinawaumiza wakati mimi kelele nyingine nazitafuta, napenda mziki mzito ninaousikia mpaka kifuani, napenda kubanwa na blanketi zito. Halafu sijui ninachohisi. Mtu akiniuliza unajisikiaje nabaki namtazama tu, naweza kukwambia tumbo limekaza na mikono ya baridi ila kama hiyo ni hasira au huzuni au njaa naweza nisijue mpaka zipite siku mbili. Niliyaeleza hayo kwenye lile grupu mmoja akanijibu "mbona huo sio usonji".

Tangu siku ile nimekuwa mpweke kuliko hata kabla sijajua nina nini. Kabla nilikuwa najiambia watu wangu wapo mahali, sijawapata tu. Sasa nimewapata na bado niko nje.

Kuna mtu humu yuko kama mimi? Hata mmoja tu. Sihitaji ushauri wa kujichanganya na watu, huo ninao mwingi.

fundi_wa_saa

Mdogo wangu nimesoma posti yako mara mbili ili nisikujibu haraka haraka. Maneno kuisha, niko hivyo. Kutojua ninachohisi, niko hivyo. Mziki wa kifuani hapana, mimi hata saa ya ukutani naitoa betri nikitaka kulala, na hii ndiyo kazi yangu kuzitengeneza. Kwa hiyo kwa mahesabu tumefanana viwili kati ya vitatu. Nina miaka 52.

Aliyekwambia huo sio usonji hakukutendea haki. Kutafuta mguso na sauti nzito ni usonji vilevile, madaktari wanaandika kabisa kwamba hisia za mwili zinaweza kuwa kali kupita kiasi au hafifu kupita kiasi, na mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili, sikio hivi ngozi vile. Na hilo la kutojua unachohisi lina jina lake, aleksithimia, alilitoa daktari wa akili anaitwa Peter Sifneos mwaka 1973. Lenyewe si usonji, kuna watu wanalo na hawana usonji, na kuna wenye usonji hawana, ila kwetu sisi linaonekana sana kuliko kwa watu wengine. Mimi nilipolijua lile neno nilitulia kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima.

Sasa kuhusu upweke. Mimi nimepata mtu mmoja tu katika maisha yangu na sikumpata kwenye grupu, alileta saa ya marehemu baba yake niitengeneze. Akasimama kaunta, hakuniuliza chochote, akasubiri. Nikagundua na yeye anasubiri maneno yake. Siku hizi anakuja siku za mapumziko, anakaa upande ule na vitabu vyake vya stempu, mimi huku na saa zangu, masaa matatu manne, nadhani tunasema maneno ishirini. Akiondoka nakuwa nimepumzika kama nimelala. Na huyu bwana akianza kuongea haishiwi maneno hata kidogo, hafanani na mimi kwa hilo. Tunachofanana ni kwamba kimya hakimtishi. Jaribu kuangalia hapo pia, sio tu nani ana dalili kama zangu ila nani naweza kukaa naye nikiwa nimezima.

Na kama unataka wa kuandikiana, nipo. Siandiki haraka.

msomaji_wa_usiku

Nakuunga mkono @fundi_wa_saa ila mi naona kumtafuta anayefanana na wewe si kosa, ni haki yako kabisa, na kuna sababu kwa nini imekuwa ngumu.

Zamani kulikuwa na majina mengi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1994 uliweka Asperger (lile jina la wenye usonji ambao hawakuchelewa kuongea) peke yake, usonji peke yake na mengine pembeni, halafu toleo la 2013 likayaunganisha yote kuwa kitu kimoja kinaitwa wigo wa usonji, na ule wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 nao ukaunganisha. Kuna uzuri wake, maana yale makundi hayakuwa yanashika vizuri, mtu huyohuyo daktari huyu anamwita hivi na yule vile. Ila ndio matokeo yake, ukitafuta kwa neno "usonji" unaletewa dunia nzima. Na viwango vya 1, 2, 3 wanavyoandika kwenye cheti vinasema unahitaji msaada kiasi gani, havisemi wewe ni wa namna gani. Mtu ambaye sauti inakuja na kuondoka anaandikwa "anaongea" basi imeisha.

Na usikubali mtu akwambie huu ni usonji wa kujitungia. Daktari wa akili Leo Kanner, alipoandika ile ripoti ya mwanzo ya usonji mwaka 1943, alikuwa na watoto 11, nane walikuja kuongea na watatu hawakuongea, na hata hao walioongea hawakuongea kama watu wengine. Yaani tangu ukurasa wa kwanza tulikuwa mchanganyiko.

Kwa hiyo ushauri wangu (najua hukutaka ushauri, nisamehe, huu ni wa kutafuta tu) usitafute kwa jina la hali, tafuta kwa kile kitu chenyewe. Andika "maneno yanaisha nikichoka", andika "sijui ninachohisi". Ukikuta mtu anaitwa ana ububu wa kuchagua (yaani anaongea sehemu nyingine, sehemu nyingine sauti haitoki) msome na yeye, ule unahesabiwa kama tatizo la wasiwasi na sio usonji, ila wapo wenye vyote viwili, na hilo neno "kuchagua" limewaumiza wengi kwa sababu hamna anayechagua.

Kitu kingine, Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati yetu na wengine ni kwa pande mbili, sio sisi tu tusiowaelewa, na wao hawatuelewi. Nilikuwa nimeishi miaka mingi nikijua kosa ni langu peke yangu. Yule jirani yako kikaoni aliyecheka alishindwa kusoma karatasi iliyoandikwa wazi kabisa, hapo wa kusaidiwa ni nani?

nesi_mstaafu

Nimepita tu, niongeze moja kwa wengine watakaosoma hapa. Dada amesema yake iko hivyo tangu utotoni, sawa. Ila kama wewe hujawahi kuwa hivyo halafu siku moja maneno yakapotea ghafla, au ulimi ukawa mzito, mdomo ukaenda upande, mkono ukakosa nguvu, usikae ukisema labda na mimi nina usonji. Nenda hospitali saa hiyohiyo, inaweza kuwa kiharusi na kila dakika ina maana.

mama_wa_mmoja

Mimi ni miongoni mwa hao wazazi wa grupu la kwanza. Sio lilelile lako ila wa aina hiyo. Mwanangu ana miaka 9 na hajawahi kusema neno. Nimesoma pale uliposema sentensi unaiona nzima ila njia imefungwa, nikaweka simu chini, nikaenda kumwangalia amelala.

Dada naomba nikuulize, na kama ni kukuchosha usijibu. Ukiwa kwenye hali ile, unataka mtu akufanyie nini? Mimi huwa namwambia sema, sema mama, jaribu, namshika kidevu anitazame. Miaka tisa.

kalamu_na_kimya

@mama_wa_mmoja hunichoshi. Siwezi kumsemea mwanao, mimi yanaisha na kurudi, yeye ni mwingine. Nakwambia yangu tu.

Nikiwa nimefungwa kila swali ni kama mtu anagonga mlango ambao na mimi naugonga kwa ndani. Ukiniambia "sema" unafungwa zaidi. Kidevu kikishikwa ndio kabisa, macho ya mtu yana mambo mengi sana ya kusoma na mimi wakati huo sina nafasi. Kinachonisaidia ni mtu akae karibu, pembeni, sio mbele yangu, aongee kidogo kwa sauti ya kawaida bila kutaka jibu, mfano "natandika kitanda sasa hivi". Akinionyesha vitu viwili nichague kwa kidole naweza. Kuandika naweza karibu mara zote, mwanao sijui kama mmejaribu picha au herufi, hata kwenye simu. Na anipe muda kweli, sio sekunde tatu. Na usiongee habari zangu mbele yangu kana kwamba sipo, nasikia kila kitu.

Na usijilaumu kwa hiyo miaka tisa, hakuna aliyekwambia.

@msomaji_wa_usiku umeninyanyua na hiyo ya Kanner, asante. @fundi_wa_saa nimesoma habari ya rafiki yako wa stempu na nimelia, nadhani ni kulia kwa kufurahi ila nitakujulisha keshokutwa. Nitakuandikia. Na mimi siandiki haraka.

mama_wa_mmoja

Nimerudi baada ya siku nne. Jana jioni sikumuuliza kitu. Nilikaa chini ubavuni kwake, yeye anapanga vifuniko vyake vya chupa, anavipanga kwa rangi, mimi nikawa nasema tu "hiki chekundu naweka hapa" na kuweka changu kwenye mstari. Alinitoa mkono mara mbili. Ya tatu alikiacha kikae. Baadaye akachukua cha bluu akanipa mkononi, hakuniangalia, akanipa tu, akasubiri nikiweke.

Tulienda hivyo mpaka vikaisha.

fundi_wa_saa

@mama_wa_mmoja hicho cha bluu kitunze.

@kalamu_na_kimya barua yako imefika. Nipe mpaka mwisho wa wiki.